Ekseli Saba, Jumatano Saa Nne

Makambako, Jumatatu 1 Novemba 1993

Kazi mpya, daftari jipya. Dokta Tarsis amekuja kutoka Njombe na gari la mradi kutukabidhi hema letu kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Tuko wawili tu: mimi Hulda, muuguzi msaidizi, na Obed, fundi wa barabara. Obed amelaza mipira miwili myeusi kukatisha lami. Gari likiikanyaga, upepo unasukumwa hadi kwenye sanduku la chuma, na sanduku linaandika kwenye ukanda mwembamba wa karatasi: saa, idadi ya ekseli, vile vyuma vinavyobeba magurudumu, na kasi. Obed anajivunia sanduku lake kama mtu aliyeoa juzi. Mimi nashughulika na madereva wenyewe: presha, uzito, na makohozi kwa anayekohoa. Tangu kila mwenye fedha aruhusiwe kununua lori lake, wakubwa wanataka kujua barabara hii inabeba magari mangapi, na magonjwa gani.

Jambo moja Dokta amelirudia mara tatu: jina la dereva lisionekane popote. Kila dereva apewe kadi yenye namba. Majina nayatia kwenye bahasha, bahasha zinakaa kabatini Njombe, na ufunguo anao yeye peke yake. Nikamwambia asipate tabu, mimi ni mtu wa Makete, maneno hayanitoki ovyo.

Jumatano 10 Novemba

Mvua ya kwanza. Madereva kumi na wanne. Namba 61 alikohoa mpaka akashika mlingoti wa hema. Ni mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mcheshi. Nilipompa kikopo cha makohozi akaniuliza yanakwenda wapi, nikasema Njombe, maabara. "Aisee dada, miaka yote napita hapa njia panda na Njombe sijafika. Sasa makohozi yangu yananitangulia!"

Lori lake na tela vina ekseli saba, na njia hii hakuna jingine la saba. Anaelekea Tunduma kila Jumatano, na saa nne asubuhi yuko hapa. Jina lake siliandiki hata humu, ingawa namjua. Ni mume wa Rehana, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta kule Lyamkena.

Huyo Rehana simpendi, bora niseme. Ametoka Kigoma, anauza chai na maandazi hapa hapa kwenye malori, na sauti yake inafika kabla yake. Mtoto wao Shamimu, wa miaka mitatu, naye anarithi hiyo sauti.

Jumatano 17 Novemba

Ekseli saba, 4:05, kasi 24. Alisimama. Majibu yake bado.

Jumanne 23 Novemba

Kadi zimenichosha. Leo wamekuja wanane kuchukua majibu, watano hawana kadi. Mmoja aliiwashia jiko, mmoja kaifungia karanga. Ukimuuliza namba yake anakutazama kana kwamba umemuuliza siku aliyobatizwa babu yake.

Ila nimepata dawa. Hapa Makambako hakuna anayejua namba, na hata majina hayana kazi. Mtafute dereva kwa jina lake, utazunguka eneo lote. Sema "yule wa Fiati jekundu la Ijumaa jioni", unaletewa kabla hujamaliza chai. Basi nitatengeneza orodha na kuibandika ubaoni nje ya hema: namba, aina ya gari, siku na saa ya kupita, na kama majibu yako tayari. Aliyepoteza kadi ajitambue mwenyewe. Jina halimo hata moja. Obed ameusoma mfano wangu, kasema nina mwandiko mzuri, na kweli ninao.

Jumanne 30 Novemba

Majibu yamefika kutoka Njombe. Arobaini na tano hawana neno. Mmoja, 61, ana kifua kikuu, aanzishwe dawa mara moja. Nimeuandika mstari wake kwa kalamu nyekundu ili usimpite: *Na. 61. Lori na tela, ekseli saba. Jumatano, saa nne asubuhi. ARUDI HARAKA.*

Jumatano 1 Desemba

Ubao umebandikwa saa moja. Saa tatu watu walikuwa wamejaa mbele yake, wengine wakiwasomea wenzao, nami nikafurahi kuona wanavyopenda kusoma.

Ekseli saba, 4:03, kasi 22. Nilikuwa nampima presha mtu mwingine. Nikasikia kicheko nje, kisha kimya. Nilipotoka niliona mgongo wake akipanda kwenye lori. Nilipaza sauti: "Kaka, subiri!" Akaondoa gari.

Alhamisi 2 Desemba

Benchi la Rehana tupu. Birika limejaa, maandazi yamepangwa mpaka juu, na madereva wote wamebanana kwa Telesia, mama wa Kibena anayekaanga viazi pembeni yake. Nilimwona mtu akimwaga chai ya Rehana aliyokwisha kuilipia.

Nikamwendea Telesia. "Kamwene, mama. Kuna nini?"

"Kamwene, mwanangu." Akashusha sauti. "Nikuulize wewe mwenye elimu. Sisi tuliokaa benchi moja na yule mama, tutapona?"

"Mtapona nini?"

"Si ule ugonjwa. Wa mume wake. Yule tunamwita Saba."

"Nani kasema ana ule ugonjwa?"

Akanitazama usoni, bila ubaya wowote. "Wewe si ndiye uliyeandika kwa nyekundu?"

Niliung'oa ubao kwa mikono yangu, mvua inanyesha. Misumari imenichana kidole. Sikutaja jina. Nimejiambia hivyo tangu saa sita mchana, na hainiingii akilini. Dereva mwenye ekseli saba apitaye Jumatano saa nne ni mtu mmoja tu chini ya jua. Kule Dar walikotengeneza fomu zetu, jina ndiyo siri. Hapa jina ndilo jambo pekee ambalo watu hawakuwa nalo, na mengine yote nimewapa mimi, kwa mwandiko mzuri.

Na yeye amejiendea Tunduma akiamini ana UKIMWI, ugonjwa usiopona, wakati anao unaopona.

Jumamosi 4 Desemba, Njombe

Nimepanda basi kwenda kuungama. Ukungu njia nzima. Dokta Tarsis alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Jina limetoka?"

"Hapana, Dokta."

"Basi kitaratibu hakuna siri iliyovuja."

Nilitamani anigombeze. Nikaomba nimwambie mke wake, ili naye amwambie mumewe. Akakataa. Majibu ni mali ya mgonjwa, na mke hawezi kuambiwa kabla yake. "Umeshamvunjia siri mara moja, Sista. Usiivunje ya pili kwa kisingizio cha huruma. Mngoje apite."

Ana haki, na nimemchukia njia yote ya kurudi.

Jumatano 8 Desemba

Ekseli saba, 4:02, kasi 78. Hakusimama.

Jumatatu 13 Desemba

Mvua. Rehana hajaleta birika siku ya nne leo. Asubuhi nilimwamkia, akaitikia akiwa amenipa kisogo.

Jumatano 15 Desemba

Nimesimama katikati ya lami nikipunga kitambaa cheupe. Ekseli saba, 4:06, kasi 81. Wiper zinakwenda, kioo kimejaa ukungu, sura yake sikuiona. Amenipigia honi tangu mbali na kunipita bila kupunguza. Gauni lote tope. Obed alinivuta mkono akanifokea kama mke wake.

Alhamisi 16 Desemba

Amekuja tajiri Dulla, mwenye malori matano likiwemo la ekseli saba. Mtu mpole, ananukia marashi, ameniletea soda. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Dada yangu, sina ugomvi na wewe. Nina madereva watano. Gari nimelinunua kwa mkopo, na mabasi ya abiria yamo barabara hiyo hiyo. Lazima nijue nimemkabidhi nani."

Nikamwambia majibu ni siri.

"Sitaki majibu. Nakutajia jina, wewe sema hana neno. Basi."

Akataja la kwanza. Huyo namkumbuka, mzima kama chuma. Niliona hakuna ubaya kumwondolea mtu wasiwasi. Nikasema hana neno. La pili, hana neno. La tatu, hana neno, na la nne vilevile. Akataja la tano. Nikasema, "Huyo siruhusiwi kumzungumzia."

Dulla akamaliza soda yake taratibu. "Ahsante sana, Sista. Umenisaidia."

Nimemwambia Obed kwamba sikuyumba. Obed akaenda kukagua mipira yake. Naona nimefanya vizuri, sikusema chochote juu ya 61, lakini lile neno "umenisaidia" bado linanirudia.

Jumatano 22 Desemba

Ekseli saba, 4:00, kasi 80.

Jumamosi 25 Desemba

Sikupata ruhusa ya kwenda nyumbani. Ibada, kisha nimempelekea Rehana bakuli la plamu zilizotoka kwetu. Alilipokea mlangoni, mlango kaufungua kiasi cha mkono kupita. Nikauliza, baba Shamimu hajambo? "Yuko safari." Mlango ukafungwa.

Jumatano 29 Desemba

Kasi 84. Anakimbia nini huyu, mimi au mji mzima?

Jumatatu 3 Januari 1994

Rehana ameanza vituko. Redio yake inalia tangu alfajiri mpaka watu wanalala, sauti juu kabisa. Betri anazipata wapi mtu asiyeuza chai?

Jumatano 5 Januari

4:04, kasi 79. Mvua.

Ijumaa 7 Januari

Redio. Nimegonga ukuta. Ikaongezwa.

Jumatano 12 Januari

4:01, kasi 83. Nimeanza kuota huo ukanda wa karatasi. Obed anasema tungoje, siku moja ataishiwa mafuta hapa hapa. Nahesabu wiki: sita tangu majibu yatoke, na mapafu hayangoji. Natazama ule mstari mmoja kila Jumatano kama mama anayesubiri barua, na nikiuona moyo unatulia kidogo. Anaendesha, basi ana nguvu bado.

Jumanne 18 Januari

Shamimu anakohoa. Nimemsikia uani akicheza.

Jumatano 19 Januari

4:05, kasi 80. Sikula.

Jumatano 26 Januari

Nayaandika haya mchana, maana nikingoja sitayaandika.

Ekseli saba, 4:09, kasi 18. Sanduku lilipochapa hiyo kumi na nane nilikuwa nimeshatoka mbio hemani. Lori limesimama, tairi la tela limepasuka. Nikapanda kwenye ngazi ya mlango, nikafungua. Ndani ameketi mtu nisiyemjua, mfupi, mwenye ndevu.

"Yuko wapi dereva?"

"Ndiyo mimi. Nahumu. Kuna nini, mama?"

"Dereva wa gari hili!"

"Aa, Hamis? Huyo aliachishwa kabla ya Krismasi. Mimi nina mwezi wa pili sasa." Akashuka kutazama tairi lake. "Tajiri alisema muuguzi wenu aliwasafisha wote wanne, alipofika kwa Hamis akagoma. Sasa hapo nani asiyeelewa?"

Nilikaa kwenye ngazi ya lori. Hamis. Nimelilinda jina hili hata kwenye daftari langu mwenyewe, na nikamwachisha mtu kazi bila kulitamka. Wiki zote hizi nilizojifariji kwamba anaendesha, sanduku lilikuwa likinihesabia vyuma. Lilisema kweli tupu, ekseli saba, na mimi nikajazia mtu juu yake.

Halafu nikawaza ile redio. Nikaondoka bila hata kumuaga Obed.

Saa saba mchana nilikuwa mlangoni kwa Rehana. Redio inaunguruma. Nilibisha, nikabisha tena, nikasema, "Rehana, najua yumo ndani. Nasikia." Uongo, nilikuwa sisikii kitu, na ndiyo ilikuwa kazi ya redio.

Akafungua. Amekonda. Akajaza mlango kwa mwili wake.

"Umekuja kubandika nini tena?"

"Nimekuja kuongea na mumeo."

"Mume wangu yuko safari."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa, kikohozi kirefu kinachovuta kutoka chini kabisa, redio na kelele zake zote ikashindwa kukifunika. Nikasema yale niliyopaswa kuyasema mwezi wa kumi na mbili.

"Ule ubao niliandika mimi. Kwa tajiri nilikosea tena mimi. Nikijitia mwaminifu. Sikuja kuomba unisamehe, nimekuja kwa sababu nina majibu yake na hajayasikia, na kila siku anayokaa humo bila kuyasikia ni mimi ninayemuua."

Nilidhani atanipiga. Nadhani na yeye alidhani hivyo. Shamimu akapenya katikati ya miguu yake akanishika gauni, na ndipo Rehana akaondoka mlangoni.

Hamis alikuwa amelala kwenye mkeka, blanketi mpaka shingoni. Yule mcheshi wa Novemba amebaki macho na meno. Nilizima redio.

"Majibu ni yako," nikamwambia. "Nikuambie peke yako, au mkeo awepo? Ukitaka atoke, atatoka. Ukitaka nisikuambie kabisa, nitakaa nje mpaka utake."

"Sasa ndiyo unauliza, dada?"

"Sasa ndiyo nauliza."

"Mwache awepo. Mji wote umeondoka, yeye kabaki."

Nikawaambia. Kifua kikuu. Kinapona. Sindano na vidonge kila siku kwa miezi miwili wodini Njombe, halafu vidonge nyumbani miezi sita. Bure. Rehana alinirudisha nyuma mara nne: kinapona? Kabisa kinapona? Kwa hiyo si ule? Nikasema kilichoonekana kwenye makohozi ni hicho, na hicho kinapona. Akakaa chini sakafuni, akalia kwa ile sauti yake yote, na sikuiona kubwa.

Hamis aligeukia ukuta. "Tangu tarehe moja Desemba," akasema, "najichimbia kaburi. Nimeshamwambia mke wangu nani airithi redio."

Alhamisi 27 Januari, Njombe

Obed amejitolea kutupeleka na gari la mradi bila kumuuliza mtu. Mvua kubwa, maji yanakatisha lami. Hamis alikaa mbele, dirisha wazi, amejifunika kitenge cha mkewe mdomoni, akisoma vibao vyote vya njiani. Uzito kilo arobaini na sita. Daktari wa wodi alinivuta pembeni: mapafu yameliwa sana, wangemtaka Desemba. Hakuahidi kitu. Rehana amebaki naye, Shamimu nimerudi naye mimi.

Jumatano 2 Februari

Ekseli saba, 4:03. Sikuiandika kasi.

Jumanne 8 Februari

Dokta Tarsis amenisomea taarifa ya robo mwaka: *Siri za washiriki mia nne na kumi zimelindwa, hakuna jina lililovuja.* Nikamwomba aongeze mstari. Akauliza upi. Nikasema andika kwamba hapa gari, siku na saa ni jina, na kwamba ukiwasafisha wanne umemtaja wa tano. Akasema hilo litaniharibia kazi. Nikasema ya Hamis imeshaharibika. Akanipa kalamu yake mimi niandike. Amri mpya pia tumekubaliana: karatasi za barabara zinabaki kwa Obed, za wagonjwa zinabaki kwangu, na hazikutani tena meza moja. Swali la tajiri yeyote juu ya mtu yeyote lina jibu moja, siwezi kusema, hata kama mtu ni mzima kama chuma.

Jumatatu 14 Februari

Mfungo umeanza. Hamis alitaka kufunga, Rehana akamkatalia, wakamwita shehe wa hospitalini aamue. Kilo arobaini na saba.

Jumapili 20 Februari

Barua kutoka Njombe, mwandiko wa muuguzi wa wodi: homa imepanda, anatema damu. Nimemwosha Shamimu, nimemsuka, nimemfumua, nimemsuka tena.

Ijumaa 25 Februari

Damu imekata. Hakuna zaidi.

Jumatano 2 Machi

Mvua imepumzika asubuhi. Rehana amerudi kwa basi la kwanza kumwona mtoto. Hamis anaishi: kilo arobaini na tisa, homa hakuna, na jana amelalamikia uji kwamba hauna sukari. Kazi ya udereva sijui kama ataipata tena, Dulla hajibu salamu zetu.

Rehana alimchukua Shamimu nyumbani kwangu na hakukaa. Alikuja moja kwa moja hapa hemani saa tatu na nusu, wakati malori yamejaa na watu wote wanakunywa chai kwa Telesia. Akapita katikati yao amembeba Shamimu mgongoni. Alipoingia, nje wakanyamaza.

Nilivuta kadi. Nikamwambia, kwa sauti ya chini, namba yake itakuwa 423 na ya mtoto 424, na hakuna mtu atakayejua.

"Sitaki namba." Hakushusha sauti hata kidogo. "Andika Rehana binti Masudi, mke wa Hamis Kiyumbo, muuza chai wa hapa hapa. Na huyu ni Shamimu Hamis. Nimekuja kupimwa kifua kikuu, kama mume wangu, ambaye anatibiwa Njombe na anapona. Andika lote."

"Rehana, huna lazima ya—"

"Najua sina lazima. Mara ile hamkutuuliza. Leo nasema mwenyewe."

Nikaandika lote. Mwandiko umekuwa mbaya.

Alipomaliza kutema kwenye kikopo alifuta mdomo, akamfunga mtoto vizuri. Nikasema pole kwa yote. Akaniambia hajanisamehe, na kwamba siku akinisamehe nitaambiwa. Halafu akatoka, akavuta benchi lake lililokuwa limegeuzwa chini juu tangu Desemba, akaanza kulifuta tope. Obed aliacha mipira yake akaenda kukaa juu yake, likiwa bado bichi, na hakuna hata chai.

Majibu yatatoka Ijumaa. Nitampelekea mwenyewe, nibishe hodi, na nimwulize anataka nani awepo.